Moto Mweupe Uani kwa Shurie

Shurie Dakane alijifunza kushuku watu akiwa na miaka kumi na miwili, huko Kotile, mwaka ambao mtu mmoja alimpitia baba yake malishoni na kumwambia kwamba mvua imenyesha upande wa Ijara, nyasi zimefika magotini. Baba yake akaamini. Wakaswaga ng'ombe siku tatu, na walipofika huko wakakuta vumbi. Waliporudi, yule mtu alikuwa ameingiza mifugo yake kwenye malisho yao na kuacha vijiti vitupu. Ng'ombe wao wakafa mmoja baada ya mwingine. Baba yake hakumlaumu mtu. Alisema ni kazi ya Mungu. Lakini Shurie moyoni alilijua jina la yule mtu, na hakulisahau tena.

Sasa ana miaka hamsini na miwili, mjane, na watu wa Garissa wanaomuuzia vyuma chakavu wanajua kwamba mama huyo hamwamini mtu. Gunia ukiliweka kwenye mizani, yeye huliondoa na kulirudisha tena kwa mkono wake. Shingoni huvaa sumaku iliyofungwa kamba, na hakuna kipande kinachoingia uani mwake kabla hajakigusa nayo. Kikishika ni chuma, kinakwenda kushoto. Kisiposhika ni shaba au alumini, kinakwenda kulia. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto watatu, na kwa kazi hiyo alimlea Fowsiya, binti wa kaka yake, mpaka akawa mwalimu wa kemia katika shule ya upili ya wasichana.

Uwanja wake uko nyuma ya barabara iendayo Soko Ng'ombe. Umejaa springi za malori, vitanda vilivyokatika, rimu za pikipiki, matangi yaliyooza na sufuria zisizo na matako. Kazi ya kukata alimwachia Dubow, mtoto wa mjomba wake, mwanamume mkimya wa miaka arobaini na kitu ambaye angeweza kushinda na grenda mkononi bila kusema maneno kumi. Ng'ambo ya ukuta wa mabati kulikuwa na karakana ya Ayanle, fundi wa kuchomelea milango na matangi ya maji.

Shurie na Ayanle walikuwa majirani wema kwa miaka minane. Kisha Ayanle akaja siku moja kumwomba ausogeze ukuta kidogo, hatua nne tu, ili lori liweze kugeuza kwake. Shurie akakataa. Alitazamia Ayanle anune. Ayanle hakununa. Aliendelea kumsalimia kila asubuhi, tena kwa uchangamfu kuliko zamani, na hilo ndilo lililomkosesha Shurie raha. Mtu uliyemnyima kitu akikuchekea namna hiyo, aliwaza, lazima ana jambo.

Moto ulitokea Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri. Shurie alikuwa kibandani karibu na lango, akipanga springi, jua likiwa juu ya utosi. Ghafla akaona kivuli chake ukutani. Akashangaa, kwa maana saa hiyo kivuli cha mtu huwa miguuni mwake. Akageuka. Kule kona ya mwisho, chini ya paa la mabati, kulikuwa na mwanga mweupe ambao jicho halikuweza kuutazama. Haukuwa mwekundu wala wa manjano kama moto wa kuni. Ulikuwa mweupe kama ule wa fundi anapochomelea, ila huu ulikuwa mpana kama mkeka, na moshi wake nao ulikuwa mweupe, mzito.

Dubow alikuwa akirudi nyuma, mikono usoni, akipiga kelele. Shurie hakungoja. Alinyakua ndoo ya maji iliyokuwa karibu na birika la kutawadhia, akakimbia, akayamwaga yote juu ya ule mwanga mweupe.

Kilichofuata hakukiona, alikisikia. Mlipuko uliruka juu na kulipasua bati la paa. Vipande vya moto vikatawanyika uani kote, vikaruka ukuta na kuangukia kwa Ayanle. Kimoja kikamshika Shurie mkononi, juu kidogo ya kifundo. Alianguka chali kwenye rundo la rimu, masikio yakilia.

Katika miji mingine, mlipuko wa mchana huwavuta watu waje kutazama. Garissa sivyo. Mtu mmoja barabarani alitamka neno "bomu", na barabara ikawa tupu kabla hajalimaliza. Wenye maduka walishusha milango. Dakika kumi hazikupita, polisi walikuwa wameuzunguka uwanja kwa utepe, bunduki mkononi, na moto wenyewe ulikuwa ukijifia taratibu juu ya sakafu iliyopasuka, ukiacha majivu meupe kama unga wa mahindi.

Ofisa mmoja alimfuata Shurie hospitalini alipokuwa akifungwa bandeji. Alikuwa kijana mpole kutoka bara, mwenye daftari.

"Mama, pole," akasema. "Ulikuwa unaweka nini pale kona?"

"Chuma, afande. Chuma beke yake. Mimi nauza chuma tu."

"Chuma hakiungui, mama."

"Najua hakiungui!" Shurie akasema kwa hasira. "Miaka kumi na tisa nauza chuma, sijaona moja imeungua. Ndio nasema kuna mtu ameleta betroli."

Ofisa akaacha kuandika. "Mtu gani?"

Shurie alikuwa na maumivu, alikuwa na hofu. Macho ya kijana yule yalimwambia kwamba bila jina la mtu mwingine, jina litakaloandikwa ni lake. Akakumbuka kwamba asubuhi ile, alipokuwa akifungua lango, alimwona Ayanle amesimama karibu na ukuta na dumu la manjano mkononi. Akakumbuka hatua nne za ukuta. Akakumbuka lile tabasamu.

"Ayanle," akasema. "Fundi wa milango. Anataka shamba yangu."

Jioni ileile Ayanle akachukuliwa.

Siku mbili Shurie alikaa nyumbani, mkono umefungwa, akiyageuza mambo kichwani. Kila alipolifikiria lile dumu ndivyo alivyozidi kuliona limejaa petroli. Yurub, mke wa Ayanle, alikuja mlangoni na shela lake limelowa machozi, akasema dumu lile lilikuwa la maji, maji ya chai ya mafundi, kila siku mume wake hubeba. Shurie alimsikiliza bila kumkaribisha ndani. Mke angesema nini kingine? Hata majirani waliokuja kumpa pole aliwapima mmoja mmoja. Huyu kauliza mara mbili kama uwanja utauzwa, yule kashindwa kumtazama usoni. Mtu pekee ambaye hakumfikiria ni Dubow, aliyepanda gari siku ileile ya moto kwenda kwao Ijara, akisema amepata mshtuko. Dubow alikuwa damu yake.

Siku ya tatu, Alhamisi, Fowsiya alitoka shule mapema akaja kwa shangazi yake. Aliketi, akaomba kuona sehemu iliyoungua kwenye gauni, akanusa kitambaa, kisha akasema, "Eeddo, petroli haiwaki nyeupe."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini umesema mwenyewe mwanga ulikuwa mweupe, jicho haliwezi kuutazama, na maji yalipomwagwa ukalipuka. Huo ni moto wa metali, eeddo. Kuna metali zinaungua."

Shurie alimtazama binti huyo kwa muda mrefu. Alikumbuka kwamba miezi mitatu iliyopita, watu wa kina Ayanle walikuja kumposa Fowsiya kwa ajili ya mdogo wake Ayanle, na kwamba jibu lilikuwa bado halijatolewa. Sasa basi, aliwaza, hivi ndivyo ilivyo.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna aliyenituma."

"Mdogo wake amekupigia simu?"

Fowsiya alikunja uso, akachukua mkoba wake kana kwamba anaondoka. Kisha akauweka chini tena. "Sawa, eeddo. Usiniamini mimi. Una nyuzi za chuma za kusugulia sufuria?"

Zilikuwapo jikoni, pakiti mpya. Shurie alizileta yeye mwenyewe, akazigusisha sumaku ya shingoni. Zikashika. Chuma. Fowsiya akachambua fungu, akalitandaza juu ya kifuniko cha sufuria, kisha akaomba ile betri ya mraba ya redio ya zamani. Akavigusisha vichwa vyake viwili kwenye zile nyuzi.

Zikawaka. Hakukuwa na kiberiti wala tone la mafuta. Vijimoto vyekundu vilitambaa ndani ya nyuzi kama siafu, vikazila kutoka upande hadi upande, na Fowsiya alipopuliza vikang'aa zaidi. Mwisho likabaki fungu la rangi ya bluu na nyeusi, linalovunjika kwa kidole.

"Umezipaka kitu," Shurie akasema.

"Chukua nyingine. Washa mwenyewe."

Shurie akawasha mwenyewe, kwa mkono wake mzima. Zikawaka vilevile. Aliketi chini kwenye mkeka.

"Hii ni nyembamba," akasema. "Hata mti ukiuchonga nyuzi unawaka upesi. Lakini springi ya lori haitawaka hivi hata ukiiweka jikoni mwezi mzima."

"Ndiyo hivyo hasa," Fowsiya akasema. "Pande zito linapoteza joto, halishiki moto. Likiwa unga au nyuzi, hewa inalizunguka pande zote, linashika. Eeddo, Dubow akikata bomba kwa grenda, zile cheche unazoziona ni nini?"

"Cheche ni cheche."

"Ni vumbi la chuma linaloungua hewani. Miaka kumi na tisa umeona chuma kikiungua kila siku."

Shurie alikuwa akitafuta mahali penye hila. Mtu akikuonyesha jambo na likakushangaza, ndipo unapopaswa kushika mfuko wako.

"Kitu kikiungua kinapungua," akasema hatimaye. "Kuni zinabaki majivu. Hii yako imebaki ileile. Kwa hiyo haikuungua, imebadilika rangi tu."

Fowsiya akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Haikubaki ileile. Imeongezeka."

"Imeongezeka nini?"

"Uzito."

Hapo Shurie alisimama. Angeweza kudanganywa kuhusu mengine, lakini si kuhusu uzito. Alijifunga shela, akachukua kifuniko, pakiti ya nyuzi na betri, akamwambia Fowsiya atangulie. Walikwenda kwa Faiza, muuza dhahabu, mwenye mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, mizani inayopima hata pete ya mtoto. Shurie alimwambia Fowsiya asimame mlangoni, asiguse kitu. Akapima kifuniko kitupu, mizani ikarudishwa sifuri. Akaongeza nyuzi mpaka mizani ikasoma gramu kumi. Akaziwasha mbele ya Faiza, ambaye alirudi nyuma huku akisoma bismillahi, na akahakikisha hakuna hata uzi mmoja ulioruka nje. Zilipopoa akazirudisha kwenye mizani.

Mizani ikasoma kumi na moja na nusu.

Alizipima mara tatu. Alimwomba Faiza apime pete anayoijua uzito wake, kuona kama mizani imeharibika. Haikuharibika.

"Hiyo gramu moja na nusu imetoka wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hewani," Fowsiya akasema kutoka mlangoni. "Chuma kikiungua kinakamata oksijeni na kukaa nayo. Kutu pia ni hivyo, eeddo. Kutu ni chuma kinachoungua polepole sana, miaka na miaka, bila moto."

Shurie alitazama mikono yake, ambayo kutu ilikuwa imekaa kwenye mistari ya viganja miaka yote hiyo na haitoki kwa sabuni.

Walikwenda uwanjani. Polisi walikuwa wameondoa utepe. Kwenye ile kona, nje ya eneo lililoungua, kulikuwa na gunia moja lililobaki zima. Shurie alilifahamu: mafuniko ya giaboksi na viunzi vya misumeno ya injini vilivyoletwa na lori kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera mwezi uliopita. Sumaku ilikuwa imeyakataa, kwa hiyo yalikwenda kulia, kwenye alumini. Alikumbuka sasa kwamba alipoyabeba yalikuwa mepesi hata kwa alumini, naye alifurahi, akadhani ni alumini nzuri. Akamwambia Dubow ayakate vipande. Kila siku kidogo, wiki tatu nzima, na unga wake ukabaki hapohapo chini.

Fowsiya alichukua tupa, akakwangua funiko moja juu ya tofali mpaka akapata unga wa kujaza kifuniko cha chupa. Akamsogeza shangazi yake nyuma, akamwambia asitazame moja kwa moja, akausogezea kiberiti kwa koleo refu.

Shurie alitazama ukutani, na kivuli chake kikatokea.

"Magnesiamu," Fowsiya alisema ulipozimika. "Sumaku haiwezi kuitofautisha na alumini. Ikiwaka halafu ukaimwagia maji, inayavunja maji yenyewe na kutoa haidrojeni, na haidrojeni ndiyo iliyolipuka. Moto huo ungeufunika kwa mchanga mkavu."

Shurie alitoa simu, akampigia Dubow. Iliita muda mrefu.

"Dubow. Jumanne ulikuwa unakata nini?"

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Dubow!"

"Bomba," akasema Dubow. "Bomba la kisima. La chuma."

"Ulikuwa unalikatia wapi?"

"Pale kona. Kivulini." Alisita. "Abaayo, dada yangu, wewe ndiye uliniambia nihamie pale. Asubuhi ulisema jua litaniua, nikakatie palepale nilipokatia yale mafuniko ya giaboksi. Cheche zilianguka kwenye ule unga. Niliona. Niliogopa kukuambia, halafu nikasikia Ayanle ameshikwa, nikaogopa zaidi."

Shurie alikata simu bila kuaga. Alikumbuka vizuri. Alikuwa amesema maneno hayo, tena kwa upole, akiwa anamtia Dubow chai. Aliketi juu ya springi ya lori.

Asubuhi ya Ijumaa alifika kituoni na gunia, tupa, kiberiti na mpwa wake. Ofisa mpole alikuwa zamu. Shurie akamwambia anataka kufuta alichosema.

"Kwa nini?" kijana akauliza, na sasa jicho lake lilikuwa kali. "Nani amezungumza nawe? Wazee wa kina Ayanle wamekuja nyumbani kwako?"

"Hakuna mtu amekuja."

"Umetishwa?"

"Afande, mimi ndio nilikosea. Hiyo moto nilifanya mimi, na sikujua."

Hakumwamini. Shurie alimwelewa kabisa, naye asingeamini. Ikabidi watoke wote nje, nyuma ya kituo, ofisa na wenzake wawili, na Fowsiya akawasha unga kidogo juu ya mchanga. Polisi walifunika macho. Mmoja aliomba urudiwe. Walichukua gunia lote, wakaandika kurasa tano, wakampigia simu Dubow wakamtaka arudi mjini, wakamwonya Shurie kwamba jambo halijaisha. Lakini baada ya sala ya Ijumaa, Ayanle alitoka.

Shurie alikwenda kwake peke yake. Alimkuta ameketi karakanani kati ya milango ambayo haikumalizika, hajanyoa, akiyatazama matundu ambayo vipande vya moto vilitoboa kwenye paa lake. Hakusimama.

"Walaal, ndugu yangu," Shurie akasema, "nimekuja kukuomba msamaha. Nilisema neno ambalo sikulijua."

Ayanle akamwonyesha benchi. Yurub akaleta chai, akaiweka chini kwa kishindo, akaondoka.

"Unajua mimi niliwaambia nini?" Ayanle akasema. "Waliponichukua wakaniuliza nani adui yangu. Nikawaambia yule mama hupokea magunia alfajiri kutoka kambini, na hajawahi kuniruhusu nione ndani yake. Nikawaambia huenda kuna kitu. Niliona magunia hayo miaka minane na sikuwahi kufikiri lolote. Usiku mmoja tu mle ndani, na nikawa nina hakika."

Shurie alishika kikombe bila kunywa. Hasira ilipanda, kisha ikakosa mahali pa kukaa.

"Nakusamehe kwa Mungu," Ayanle akasema. "Lakini usinitake nikae karibu nawe."

Kabla mwezi haujaisha alihamisha mashine zake hadi upande wa pili wa soko la mifugo. Ile posa ya Fowsiya ilikufa yenyewe. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Shurie alisema ukuta utasogezwa zile hatua nne kwa yeyote atakayekodi pale, na mpaka leo hakuna aliyekodi. Dubow alirudi, akaendelea kukata, sasa kwenye uwanja wa wazi, sakafu ikifagiwa kila jioni, na ndoo mbili za mchanga mkavu zimewekwa mahali pa ndoo ya maji.

Mezani kibandani Shurie ameongeza chupa ya siki. Kila kipande chepesi kinachokataa sumaku hukikwangua kwa tupa na kukidondoshea siki. Kikitulia, ni alumini. Kikitoa povu, ni magnesiamu, anakirudisha kwa mwenyewe. Wauzaji wanalalamika kwamba amezidi sasa, hata alumini anaitilia shaka, na yeye haoni haja ya kukanusha.

Juzi, baada ya alasiri, Ayanle alitokea langoni kwa mara ya kwanza tangu ahame. Mkononi alikuwa na kiunzi cha injini, kikubwa kama kichwa cha mbuzi. Hakuingia. Alikisukuma kwa mguu mpaka kikafika kivulini kwa kibanda.

"Wanataka nikichomelee," akasema. "Ni ile yako au si ile?"

Shurie alikikwangua, akakidondoshea siki. Wakangoja wote wawili. Siki ilitulia.

"Si ile. Ni alumini. Chomelea."

Ayanle alisogea hatua mbili ndani ya lango, akainama, akalitazama lile tone kwa karibu, kisha akamtazama Shurie.

"Rudia," akasema. "Upande huu mwingine. Nione mwenyewe."

Shurie akakigeuza, akachukua tupa, akaanza kukwangua upya.